Kadi tatu, watoa huduma wawili: anwani ya pili haijibu kutoka nje (Debian 12)

fundi_nguba · Bukavu

Jambo wakubwa na ndugu wote.

Kuna seva ya Debian 12 hapa Nguba yenye kadi tatu za mtandao. Inagawa intaneti kwa kompyuta za ofisi, inapokea barua pepe, na inapitisha bandari 443 kwenda kwenye mashine nyingine ya ndani (192.168.10.20) yenye tovuti. Kadi zimekaa hivi:

- eno1: ofisi, 192.168.10.1/24
- enp3s0f0: faiba. Tumepewa 203.0.113.16/29, lango ni .17
- enp3s0f1: redio iliyo juu ya paa, mtoa huduma mwingine. 198.51.100.8/30, lango ni .9, sisi ni .10

Anwani za nje nimezibadilisha, nimeweka za mifano. Faili ya /etc/network/interfaces, sehemu inayohusika:

```
auto enp3s0f0
iface enp3s0f0 inet static
    address 203.0.113.18/29
    gateway 203.0.113.17

auto enp3s0f1
iface enp3s0f1 inet static
    address 198.51.100.10/30
    gateway 198.51.100.9
```

Mashine ikiwaka, huduma ya networking inaanguka na ujumbe huu:

```
RTNETLINK answers: File exists
ifup: failed to bring up enp3s0f1
```

Nikitoa mstari wa gateway wa redio, ujumbe unaisha, kadi inapanda, na lango .9 linajibu ping. Ila kutoka nje, kwa simu inayotumia data ya kampuni nyingine, 203.0.113.18 inajibu vizuri na 198.51.100.10 iko kimya kabisa.

Ninachotafuta: anwani zote mbili zijibu kutoka nje kwa wakati mmoja; .19 iongezwe kwenye faiba kwa ajili ya barua pepe peke yake. Na faiba ikikatika ofisi ihamie kwenye redio bila mtu kugusa kitu. Seva naishughulikia kwa ssh kutoka ng'ambo nyingine ya mji, kwa hiyo njia ya kutojifungia nje nayo naihitaji.

---

pakiti_kivu · Goma

Ndugu fundi, tuanze na "File exists" maana ndiyo nyepesi. Keneli (kiini cha Linux) haikubali njia mbili zinazofanana kwa kila kitu: zinakwenda kulekule na metric yao (namba ya kipaumbele, ndogo hushinda) ni ileile. Mistari yako miwili ya gateway inaomba default mbili (njia ya kwenda kokote kusiko na njia yake maalum) zisizo na metric, ya kwanza inaingia, ya pili inakataliwa, na ifup ikishakataliwa inahesabu kadi nzima kuwa imeshindwa. Ukiweka `metric 100` kwa faiba na `metric 200` kwa redio zitakaa zote mbili.

Lakini redio bado haitajibu. Keneli inapotuma jibu haiulizi pakiti iliingilia kadi gani. Inaangalia kitu kimoja tu: huyu ninayemjibu, njia ya kwenda kwake ni ipi? Simu yako iko kwenye intaneti, njia ya intaneti ni default, na default yenye metric ndogo ni faiba. Basi jibu lenye chanzo 198.51.100.10 linatokea kwenye faiba, na mtoa huduma wa faiba anaona anwani isiyo ya kwake na kuitupa. Wala hakukosea. Uchujaji huo umependekezwa tangu 2000 kwenye RFC 2827, ili watu wasitume pakiti zenye vyanzo vya kughushi.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha ndicho kinachotokea kwako. Endesha hii kwenye seva, halafu piga ping kutoka kwenye simu:

```
tcpdump -ni any icmp and net 198.51.100.8/30
```

Matokeo yanaweza kuwa ya aina tatu, na kila moja ina dawa yake. Ukiona ombi linaingia enp3s0f1 na jibu linatoka enp3s0f0, ni hilo nililoeleza. Ukiona ombi linaingia na hakuna jibu popote, mtazame rp_filter: keneli yenyewe imeitupa pakiti kwa sababu chanzo chake hakipatikani kupitia kadi iliyoileta. Hesabu yake iko hapa, na ikiongezeka kila unapopiga ping umempata mwizi:

```
nstat -az TcpExtIPReversePathFilter
```

Na usipoona hata ombi likiingia, usihangaike na seva. Shida iko kwenye redio au kwa mtoa huduma wake.

---

fundi_nguba · Bukavu

Aksanti mkubwa. Ni ile ya kwanza, haina shaka:

```
enp3s0f1 In  IP 192.0.2.77 > 198.51.100.10: ICMP echo request, id 21, seq 1, length 64
enp3s0f0 Out IP 198.51.100.10 > 192.0.2.77: ICMP echo reply, id 21, seq 1, length 64
```

Nstat imebaki 0.

---

pakiti_kivu · Goma

Mistari hiyo miwili inasema yote: In kwa f1, Out kwa f0.

Dawa ni kuipa kila kadi ya nje jedwali lake la njia, kisha kanuni inayosema: pakiti yenye chanzo hiki isome jedwali hili. Zijaribu kwanza kwa mkono, bila kugusa faili:

```
ip rule add priority 1000 lookup main suppress_prefixlength 0

ip route add default via 203.0.113.17 dev enp3s0f0 table 100
ip rule add priority 1100 from 203.0.113.16/29 lookup 100

ip route add default via 198.51.100.9 dev enp3s0f1 table 200
ip rule add priority 1200 from 198.51.100.10 lookup 200
```

Kanuni ya kwanza watu wengi huiacha na baadaye wanashangaa. Inamwambia keneli asome jedwali kuu kwanza, lakini asikubali jibu ambalo ni default tupu. Maana yake mitandao ya karibu, kama ofisi yako 192.168.10.0/24, inapatikana kama kawaida, na kinachokwenda mbali ndicho kinachoshuka kwenye 1100 na 1200. Usipoiweka, mtu wa ofisini akifungua 198.51.100.10, jibu lake litasoma jedwali 200, litakuta default peke yake na kupelekwa kwenye redio badala ya kurudi eno1.

Namba za kanuni lazima ziwe chini ya 32766, kwa sababu hapo ndipo jedwali kuu linaposomwa lote pamoja na default yake. Kagua kwa `ip rule`, halafu uliza keneli moja kwa moja:

```
ip route get 192.0.2.77 from 198.51.100.10
```

Ikijibu `via 198.51.100.9 dev enp3s0f1 table 200`, ping ya simu itajibu.

Kuhusu kujifungia nje: amri za `ip` hazibaki baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza andika `shutdown -r +10`. Ukipoteza ssh, seva itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye faili yako ya zamani. Mambo yakienda sawa, `shutdown -c` inafuta agizo hilo. Sharti lake ni moja: faili usiiguse mpaka majaribio yaishe.

Yakikubali, ndipo faili iwe hivi:

```
auto lo
iface lo inet loopback
    up ip rule add priority 1000 lookup main suppress_prefixlength 0 || true

auto enp3s0f0
iface enp3s0f0 inet static
    address 203.0.113.18/29
    gateway 203.0.113.17
    metric 100
    up ip route replace default via 203.0.113.17 dev enp3s0f0 table 100
    up ip rule add priority 1100 from 203.0.113.16/29 lookup 100 || true
    down ip rule del priority 1100 || true

iface enp3s0f0 inet static
    address 203.0.113.19/29

auto enp3s0f1
iface enp3s0f1 inet static
    address 198.51.100.10/30
    gateway 198.51.100.9
    metric 200
    up ip route replace default via 198.51.100.9 dev enp3s0f1 table 200
    up ip rule add priority 1200 from 198.51.100.10 lookup 200 || true
    down ip rule del priority 1200 || true
```

Zile `|| true` si mapambo. Kadi ikishuka, njia zake zinafutika zenyewe lakini kanuni zinabaki. Ifup ya pili ikikuta kanuni ipo inapata "File exists" na kuiangusha kadi, ugonjwa uleule ulioanza nao.

Anwani .19 inaongezwa kwa kurudia tu neno iface na jina lilelile. Hakuna haja ya enp3s0f0:0, mtindo huo ni wa enzi za ifconfig. Jambo moja la kuangalia: .19 ikiwa kwenye /29 moja na .18, keneli inaiita "secondary". Siku utakapoifuta .18 kwa mkono, .19 itaondoka nayo isipokuwa `net.ipv4.conf.all.promote_secondaries` iwe 1. Iweke 1 kwenye /etc/sysctl.d/.

Barua pepe haitatoka na .19 kwa sababu tu anwani ipo. Programu isipochagua chanzo, keneli inachukua .18. Kwa Postfix (programu ya kutuma barua pepe) andika `smtp_bind_address = 203.0.113.19` kwenye main.cf, na mwombe mtoa huduma wa faiba aweke jina la kinyume la DNS kwa .19. Bila jina hilo seva nyingi za nje zitazikataa barua zako au kuzitupa kwenye taka. Faiba ikikatika barua zitasubiri kwenye foleni, kwa kawaida ya Postfix hadi siku 5, na ni bora zisubiri kuliko zitoke kwa anwani ya redio ambayo SPF yako (orodha kwenye DNS ya anwani zinazoruhusiwa kutuma barua zako) haiitambui.

---

dada_reseau · Lubumbashi

Maelezo ya mkubwa ni sawa kwa kila kitu kinachoishia kwenye seva yenyewe. Lakini fundi umesema 443 inapitishwa kwenda 192.168.10.20, na hapo kanuni za chanzo hazitoshi. Mtu akiingia kupitia redio utamwona anafika kwenye tovuti, na jibu linapotea tena kwenye faiba.

Sababu ni mpangilio wa kazi ndani ya keneli. Jibu la tovuti linapofika eno1 chanzo chake bado ni 192.168.10.20. Njia inachaguliwa wakati huo. Kurudishiwa chanzo cha 198.51.100.10 kunakuja baadaye, pakiti ikiwa inatoka. Kwa hiyo kanuni yako ya 1200 haioni kitu cha kushika.

Inabidi muunganisho upigwe alama unapoingia, na alama hiyo irudishwe kwenye pakiti za jibu:

```
table inet alama {
  chain ingia {
    type filter hook prerouting priority mangle;
    iifname "enp3s0f1" ct state new ct mark set 2
    iifname "eno1" meta mark set ct mark
  }
}
```

```
ip rule add priority 1050 fwmark 2 lookup 200
```

Jedwali hilo liwe kwenye /etc/nftables.conf na huduma ya nftables iwe imewezeshwa, na kanuni ya 1050 iongezwe kwenye kipande cha enp3s0f1 pamoja na `|| true` yake.

Kisha rp_filter, ambayo sasa haikusumbui lakini mtu akiipandisha kuwa 1 itakusumbua hapahapa. Ukaguzi wake unafanyika baada ya anwani ya mwisho kubadilishwa kuwa 192.168.10.20. Keneli inajiuliza: kutoka 192.168.10.20 kwenda kwa huyu mtu wa nje, ningetumia kadi gani? Jibu ni faiba, pakiti imeletwa na redio, inatupwa kimyakimya. Weka 2 kwa kadi zote mbili za nje:

```
net.ipv4.conf.enp3s0f0.rp_filter = 2
net.ipv4.conf.enp3s0f1.rp_filter = 2
```

Mjue pia kwamba keneli inachukua namba kubwa kati ya ile ya `all` na ile ya kadi. Anayeandika 0 kwenye kadi wakati `all` ni 1 hajazima chochote. Anayeandika 2 kwenye kadi anapata 2.

Na kama kuna OpenVPN ya UDP kwenye seva hiyo, ongeza `multihome` kwenye faili yake. TCP inakumbuka ilipokelewa kwa anwani gani, UDP inayosikiliza 0.0.0.0 haikumbuki mpaka programu iambiwe. Dalili yake: ssh kupitia redio inafanya kazi, VPN kupitia redio haiungi, na tcpdump inaonyesha majibu yanatoka na 203.0.113.18.

---

kiini_bsd · Bukavu

Kwa atakayesoma hapa akiwa na FreeBSD, asinakili hayo ya juu, mambo ni tofauti. Kwenye rc.conf:

```
ifconfig_igb0="inet 203.0.113.18/29"
ifconfig_igb0_alias0="inet 203.0.113.19/32"
ifconfig_igb0_alias1="inet 203.0.113.20/32"
ifconfig_igb1="inet 198.51.100.10/30"
defaultrouter="203.0.113.17"
```

Anwani ya ziada iliyo kwenye mtandao uleule inapewa /32, siyo /29. Namba za alias zianze 0 na zisiruke. Ukifuta alias1 na kuacha alias2, usomaji unakoma kwenye pengo na alias2 haipandi, bila kelele yoyote.

Jibu kurudi lilikotoka linafanywa na pf (kichujio cha pakiti) kwa mstari mmoja, hakuna majedwali:

```
pass in on igb1 reply-to (igb1 198.51.100.9) inet proto tcp from any to 198.51.100.10 port 443 keep state
```

---

fundi_nguba · Bukavu

Aksanti sana mkubwa, na wewe dada pia. Simu inapata jibu kwenye anwani zote mbili, na tovuti inafunguka kupitia redio baada ya kuweka alama. Imebaki kuhama faiba ikikatika. Nikiishusha enp3s0f0 kwa `ifdown` ofisi inahamia redio mara moja. Nikichomoa uzi wa faiba kwenye kisanduku cha ukutani na kuiacha kebo ya seva, hakuna kinachohama.

---

pakiti_kivu · Goma

Ni kawaida, ndugu. Metric inafanya kazi pale njia ya kwanza inapotoweka, na njia haitoweki hivihivi. Kisanduku cha faiba kina umeme wake, mlango wake wa kebo unaendelea kuwaka taa, kwa hiyo kwa seva kadi iko hai. Uzi ukikatwa na wachimba barabara kilomita 3 kutoka hapo, seva haina namna ya kujua. Lazima iulize ng'ambo, tena kwa kupitia faiba yenyewe:

```
#!/bin/sh
A=203.0.113.18 G=203.0.113.17 K=enp3s0f0
mbaya=0
while sleep 10; do
  hai=0
  for h in 1.1.1.1 9.9.9.9 8.8.8.8; do
    ping -q -c 2 -W 2 -I $A $h >/dev/null 2>&1 && hai=1 && break
  done
  if [ $hai = 1 ]; then
    mbaya=0
    ip route show default dev $K | grep -q 'metric 100' || {
      ip route add default via $G dev $K metric 100
      conntrack -F
    }
  else
    mbaya=$((mbaya+1))
    [ $mbaya -ge 3 ] &&
      ip route del default via $G dev $K metric 100 2>/dev/null &&
      conntrack -F
  fi
done
```

Angalia `-I $A`. Ping inatoka na chanzo cha faiba, inashikwa na kanuni ya 1100, inasoma jedwali 100. Default ya jedwali kuu ikishafutwa, jedwali 100 bado lina default yake, ndiyo maana skripti inaweza kugundua faiba imerudi. Wenye jedwali moja tu wanakwama hapa: wakifuta default, ping yao ya majaribio inapitia redio, inafanikiwa, wanairudisha faiba iliyokufa, na mtandao unacheza huku na huku usiku kucha.

Usipige ping lango .17 peke yake. Linaweza kujibu wakati kila kitu nyuma yake kimekatika. Na tumia anwani tatu za nje, moja ikiwa na matatizo yake usihamishe ofisi nzima kwa sababu hiyo.

`conntrack -F` inahitaji kifurushi cha conntrack. Inasahaulisha miunganisho iliyokuwepo, na bila hiyo simu za SIP (za kupitia intaneti) zinazotuma UDP bila kupumzika zinaendelea kupewa chanzo cha faiba huku zikitokea redio. TCP zilizokuwa wazi zitakatika vyovyote vile, anwani imebadilika. Hakikisha tu kila kadi ya nje ina snat yake (mstari unaobadilisha chanzo cha pakiti za ofisi kuwa anwani ya nje):

```
oifname "enp3s0f0" ip saddr 192.168.10.0/24 snat to 203.0.113.18
oifname "enp3s0f1" ip saddr 192.168.10.0/24 snat to 198.51.100.10
```

Iendeshe kama huduma ya systemd yenye `Restart=always`. Usiiweke kwenye cron, hesabu ya `mbaya` itaanza upya kila dakika.

---

dada_reseau · Lubumbashi

Fundi, kabla hujafunga kazi, jaribu kufungua ukurasa ofisini wakati mko kwenye redio. Kama /etc/resolv.conf au DHCP yako inataja seva ya DNS ya mtoa huduma wa faiba, ping ya 9.9.9.9 itajibu na watu watasema intaneti imekufa. Seva hizo huwa zinahudumia wateja wao tu. Ukiiuliza kwa anwani ya redio inakujibu REFUSED.

Weka unbound kwenye seva, itafute majina yenyewe, na DHCP itaje 192.168.10.1:

```
server:
    interface: 127.0.0.1
    interface: 192.168.10.1
    access-control: 192.168.10.0/24 allow
```

Mstari wa `dns-nameservers` kwenye /etc/network/interfaces haufanyi kitu kama kifurushi cha resolvconf hakipo, kwa hiyo andika `nameserver 127.0.0.1` ndani ya resolv.conf yenyewe.

Na majina ya kadi: enp3s0f0 linatokana na mahali kadi ilipochomekwa kwenye ubao. Ukiongeza kadi nyingine siku moja, enp3 inaweza kuwa enp4 na faili yako yote ikaelekea hewani. Lifunge jina kwa MAC (namba ya kudumu ya kadi yenyewe), kwenye /etc/systemd/network/10-faiba.link:

```
[Match]
PermanentMACAddress=xx:xx:xx:xx:xx:xx
[Link]
Name=faiba0
```

Nyingine iite redio0, halafu endesha `update-initramfs -u`, na ubadilishe majina kwenye interfaces, sysctl, nftables na ile skripti kabla ya kuwasha upya. Fanya hivyo ukiwa mbele ya mashine, siyo kwa ssh.

---

fundi_nguba · Bukavu

Ilikuwa REFUSED kweli, dada. Unbound imeiponya. Swali la mwisho: tawi letu la pili lina Ubuntu yenye netplan (mpangilio wa mtandao wa Ubuntu, badala ya faili ya interfaces), kadi mbili za nje vilevile. Haya yote naweza kuyahamisha?

---

pakiti_kivu · Goma

Unaweza, ila usichanganye amri za `ip rule` za mkono na netplan. Systemd-networkd, huduma inayotekeleza netplan, ikianza upya inafuta kanuni ambazo haikuziweka yenyewe. Ziandike ndani:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0f1:
      addresses: [198.51.100.10/30]
      ignore-carrier: true
      routes:
        - {to: default, via: 198.51.100.9, metric: 200}
        - {to: default, via: 198.51.100.9, table: 200}
      routing-policy:
        - {from: 198.51.100.10, table: 200, priority: 1200}
```

Kanuni ya suppress_prefixlength netplan haina neno lake, kwa hiyo rudia njia ya ofisi ndani ya kila jedwali: `{to: 192.168.10.0/24, scope: link, table: 200}` chini ya kadi ya ndani, na nyingine kama hiyo kwa 100. Faili iwe na ruhusa 600, na kama kuna 50-cloud-init.yaml izime cloud-init isiiandike upya.

Badala ya shutdown tumia `netplan try`. Usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha ya zamani, ingawa baada ya kurudisha kagua `ip rule` kwa macho.

Ile `ignore-carrier` iweke hata kwenye kadi ya ofisi. Umeme ukirudi baada ya kukatika, seva iliyo kwenye UPS inaweza kumaliza kuwaka kabla swichi haijawa tayari. ifupdown inaweka anwani hata kebo ikiwa haina taa, lakini networkd inasubiri taa, na unbound ikijaribu kukaa kwenye 192.168.10.1 isiyopo bado inaanguka.